Re: Ukuta mrefu unatosha kulinda bandari ya kisiwa?

Mkuu, ukuta peke yake hautoshi kulinda bandari dhidi ya tetemeko na tsunami. Ningeanza na udongo. Magati mengi yamekaa juu ya mchanga wa kujazia. Tetemeko likiutikisa ukiwa umelowa, unalegea kama uji. Kwenye tetemeko la Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, Januari 2010, gati la kaskazini liliporomoka na kreni ikabaki nusu majini. Ukuta ungesaidia nini pale? Shindilieni mchanga, nguzo zifike tabaka gumu.

Kwa tsunami, matangi ya mafuta yahamishiwe mwinuko, maana makontena huelea na kuyagonga. Halafu jengeni gati la akiba, hata dogo, pwani nyingine. Haiti angalau inapakana na Jamhuri ya Dominika, malori ya misaada yakapita. Kisiwa kisicho na jirani hakina mlango huo.