Anza na futi, mdogo wangu

Wiki iliyopita daktari mmoja kijana aliniandikia: "Shikamoo daktari. Natamani kufanya utafiti wa figo za watoto kama wewe. Nianzie wapi, nisomee takwimu au nitafute ufadhili?"

Marahaba, mdogo wangu. Anza na futi, ile ya fundi cherehani.

Usicheke. Mimi nilianza na makubwa. Mwaka 2009 yalipotoka matokeo ya jaribio la ESCAPE la Ulaya, niliyasoma mpaka nikayakariri. Watoto 385 wenye ugonjwa sugu wa figo, wote wakitumia dawa ya presha iitwayo ramipril, kundi moja likishushwa presha zaidi ya ilivyozoeleka. Katika miaka 5, asilimia 29.9 ya hao walioshushwa zaidi walipoteza nusu ya uwezo wa figo au figo zikafa kabisa; kwa wenzao ilikuwa asilimia 41.7. Kumbe kushusha presha tu kunaweza kuinunulia figo ya mtoto muda! Nikajua nimepata kazi ya maisha.

Ya vibali na fedha nayaruka, yanachosha. Kwa miaka miwili niliwafuatilia watoto kliniki: presha, kreatinini (taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inavyochuja), protini kwenye mkojo, urefu. Majedwali yangu yalipendeza kweli. Lakini mikanda ya presha tulikuwa nayo miwili tu, wa mtu mzima na wa mtoto, na ule wa mtoto siku nyingi haukuonekana ulipo.

Muuguzi mmoja wa siku nyingi aliniambia, "Daktari, mkanda umeumeza mkono wa huyu mtoto." Nikamjibu bila kuinua macho, "Sista, tofauti ni ndogo."

Makala yangu ilirudishwa na jarida ikiwa na swali moja la mhakiki: ukubwa wa mkanda mliuchaguaje kwa kila mkono? Sikuwa nimeandika popote. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda unatakiwa uwe na upana wa angalau asilimia 40 ya mzingo wa mkono, na urefu wake uuzunguke mkono asilimia 80 hadi 100. Ukiwa mdogo, presha husomeka juu kuliko ilivyo. Ukiwa mkubwa, husomeka chini. Wangu ulikuwa mkubwa, maana yake nilikuwa nimeandika "kawaida" kwenye mafaili ya watoto ambao presha ilikuwa inawala figo kimyakimya.

Makala kufa kuliniuma, ila walioninyima usingizi ni watoto. Tuliwaita upya, na kadhaa walikutwa wanahitaji dawa. Mkuu wangu, aliyesaini kila ukurasa wa mpango wa utafiti ule, akasema kikaoni, "Kijana alikuwa na haraka." Kijana! Mpaka leo nikimwona ukumbini nabadilisha kiti. Sista nilimwomba radhi mbele ya watu wote, naye akasema tu niagize mikanda.

Utafiti wa pili ulipita. Mhakiki mmoja alisifu sehemu ya vipimo, na sentensi yake niliisoma mara nne, sioni aibu kusema. Safari hii tuliwavalisha watoto mashine ya kupima presha saa 24, tukakuta wengine kliniki wako sawa, usiku inapanda. Hiyo ndiyo presha iliyojificha, na kwa mtoto mwenye figo mbovu si jambo la nadra.

Sasa ninyi vijana mnakimbilia programu za takwimu. Programu haijawahi kushika mkono wa mtoto! Pima mkono. Andika ukubwa wa mkanda. Mtoto apumzike dakika kadhaa, mgongo umeegemea, miguu sakafuni, mkono usawa wa moyo. Mpime na urefu, kwa sababu presha ya mtoto mdogo haina namba moja ya wote, husomwa kwa umri, jinsia na urefu wake. Ikiwa juu, rudia. Halafu pima mkono tena mwezi ujao, watoto wanakua. Na muuguzi akisema kitu, weka kalamu chini umsikilize, shahada zako hazitapungua.

Ufadhili tutauzungumza. Kwanza niandikie mikanda iliyopo kliniki kwako ni mingapi na ya ukubwa gani, na umuulize muuguzi ni upi unaopoteapotea.