Kinyaa, karaha, chuki: maswali yenu wiki hii

Mjukuu wangu anasema "kinyaa" ni tusi, nisilitamke mbele ya watu. Ni kweli? (Bibi, Langoni)
Si tusi, bibi, ingawa asili yake haina heshima. Lina udugu na *kunya* na *kinyesi*, na zamani lilitaja uchafu wenyewe. Baadaye likahamia kwenye hisia: naona kinyaa, kitu kimenitia kinyaa. Pita alfajiri vichochoro vyetu vya Lamu, pale punda walipolala, utaziona maana zote mbili ndia moja.

Kinyaa na kinaa ni neno moja? (Mwanafunzi, Shela)
La. Kinaa ni kutosheka na ulichonacho.

Nimeambiwa kula kitunguu saumu kibichi kisha kwenda msikitini ni makuruhu. Mwenzangu asema basi ni haramu. (Kijana, Mkomani)
Mwenzako amevuka mpaka. Makuruhu, karaha na kukirihi zote zatoka shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kutopenda. Kwa mafakihi, yaani wajuzi wa sheria ya Kiislamu, makuruhu ukiliacha wapata thawabu, ukilifanya huna dhambi. Haramu ina dhambi. Lakini harufu ile huwakirihi wanaosali kando yako, kwa hiyo subiri iishe.

Mke wangu ni mjamzito, hataki hata kunusa papa mkavu. Nisemeje kwa mamangu bila kumuudhi? (Mume, Lamu)
Sema moyo wamchafuka. Mamako ataelewa mara moja. "Moyo" hapo ni tumbo. Usiseme anaona kinyaa, maana papa huyo huenda kampika yeye.

Tuligombana na dada yangu, akaniambia ananionea kinyaa. Mbona limeniuma kuliko angesema ananichukia? (Msomaji, Lamu)
Kwa sababu ni zito zaidi, mwanangu, na hukukosea kuumia. Chuki huwa na kisa: ulinifanyia hivi, nimekuchukia. Kisa chaweza kuelezwa, mtu akaomba radhi, yakaisha. Kinyaa hakina kisa. Aonaye kinyaa hugeuza uso na kuziba pua, wala haulizi. Kumpa binadamu neno lililozaliwa chooni ni kumtoa katika watu, na mimi silikubali hata kwenye hasira. Huenda alitaka kusema umemuudhi, umemkera, au umemkirihi, naye akachukua neno lililokuwa karibu. Mwendee, umwambie aliondoe hilo moja. Ugomvi wenyewe mtauzungumza baadaye.