Kichocho Hakisubiri Ngozi Yenye Kidonda

Katika kazi yangu ya uhudumu wa afya ya jamii kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, hoja ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni hii: "Sina kidonda mguuni, kichocho kitapitia wapi?" Hoja hiyo ina mantiki, lakini kimelea chenyewe hakihitaji kidonda.

Lava (mnyoo mchanga wa kichocho) anayetoka kwa konokono, aitwaye serkaria, hafiki urefu wa milimita moja, ana mkia uliogawanyika panda, na hali chochote. Huishi kwa akiba ya nguvu inayokwisha ndani ya siku moja au mbili. Joto la ngozi humvuta, na mafuta ya ngozi, hasa asidi ya linoleiki, humchochea kumwaga yaliyomo katika tezi zake. Tezi za nyuma hutoa ute unaomnatisha kwenye ngozi asisombwe na maji, ilhali za mbele hutoa kimeng'enya kinachoyeyusha protini zinazoishikilia ngozi pamoja, elastini ikiwamo. Hapo huuacha mkia na kupenya, kazi ambayo aghalabu humchukua dakika chache tu. Mwenye ngozi hasikii kitu, au huhisi mwasho mdogo anaoudhania kuwa wa mbu.

Kwa sababu hiyo simshauri mtu kutegemea kujifuta kwa taulo baada ya kuoga ziwani; kujifuta haraka na kwa nguvu huenda kukapunguza idadi ya lava, lakini wengine watakuwa wameshaingia. Kinga ya kweli hutangulia maji. Anayelazimika kuingia kwenye matete, wanakopenda kukaa konokono, avae buti za mpira zisizovuja, na ajitahidi kuepuka saa za jua kali, tangu kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa kuwa mwanga ndio huwachochea serkaria kutoka kwa wingi. (Alfajiri ni nafuu, si salama.) Maji ya kuoga nyumbani yachotwe na kuachwa katika chombo kisicho na konokono kwa siku mbili kamili, serkaria wafe wenyewe kwa kuishiwa nguvu, au yachemshwe.

Liko pia suala la dawa, ambalo wengi hulikosea. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, wala haiwamudu vizuri wachanga walio bado safarini kupitia mapafu kuelekea ini. Anayeogelea Jumapili na kumeza vidonge Jumatatu hajajikinga. Ni afadhali aende kituoni wiki sita hadi nane baadaye, apimwe choo, ambako hupatikana mayai ya kichocho cha tumbo kilichoenea huku ziwani, na mkojo pia ikiwa ameingia kwenye mabwawa au majaruba ya mpunga, kwa kuwa huko hupatikana kile cha kibofu.