Barua kwa mwanangu aliye Geita: Jumamosi zangu na baba yako

Mwanangu,

Mwangaluka. Ujumbe wako wa juzi ulinikuta sokoni Mwaloni nimeshika sado ya dagaa, nikausoma juujuu. Jioni nikavaa miwani nikausoma tena. Umeuliza: "Mama, hivi wewe na baba mliwezaje kwenda sinema na kwenye maonyesho, watoto wanne ndani na mshahara wenyewe ule? Mimi nina mmoja tu, na mwenzangu analalamika hatujatoka pamoja tangu ajifungue."

Nilitaka kupiga simu, nikajua utaniambia "sawa mama" huku umelala chini ya gari la mtu na spana mkononi. Basi soma haya usiku, ukiwa umeoga.

Unaonekana unadhani zamani tulikuwa na muda na nyinyi mmenyimwa. Hatukuwa nao. Mapacha walizaliwa 1989, wewe ukaja 1991, mdogo wenu akafuata, na bibi yenu mzaa baba alikuwa kwetu hapa Kirumba, Mwanza, katika vyumba viwili. Baba yako alikuwa ameingia kiwanda cha samaki, kuchuna minofu ya sangara. Vile viwanda ndio vilikuwa vinachipuka kandokando ya ziwa miaka ile, na kazi ilikuwa ya kusimama tangu alfajiri. Mimi nilikuwa na meza yangu ya vitumbua asubuhi na dagaa jioni. Kilichokuwepo ni Jumamosi moja kila mwezi, ile inayofuata mshahara, na kibubu juu ya kabati ambacho hata bibi yenu hakuruhusiwa kukitikisa.

Siku hiyo baba yako akitoka zamu saa tisa anakuta ndoo ya maji uani na ndimu tatu nimezikata kati. Anajisugua mikono kwa ndimu, kisha jivu, kisha sabuni ya kipande, kisha ndimu tena. Harufu ya sangara ni ngumu kutoka, inajificha chini ya kucha. Akimaliza ananinyooshea mikono yote miwili ninuse, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Nikisema bado, anarudi kwenye ndoo bila neno. Kuna siku nilisema bado mara tatu, na harufu ilikuwa imetoka zamani. Nilipenda tu kunyooshewa mikono.

Halafu tunatembea. Nauli ya daladala tuliigeuza karanga na bisi. Kutoka Kirumba hadi mjini si mbali, unavuka daraja la mto Mirongo umefika. Ukumbini tulikaa viti vya chini, vile vya bei ndogo, ambako vijana wanamshangilia steringi na kumtukana adui kana kwamba anawasikia. Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi, saa tatu nzima, na hakuna maandishi ya Kiswahili chini. Mimi ndiye nilikuwa mtafsiri. Kihindi sikijui hata cha kuombea maji, lakini baba yako akiniuliza, "Anasemaje huyo?" namjibu papo hapo: anasema baba yake aliuawa na yule mwenye masharubu. Mara nyingi nilipatia. Nilipokosea, yeye alikuwa ameshalia kwa ile yangu, ndiyo iliyobaki.

Tulikuwa na sheria moja: hakuna kuisema filamu mpaka tuvuke daraja la Mirongo. Tuliiweka baada ya kugombana mlangoni mwa ukumbi mbele za watu, kisa mimi nimesema steringi ni mjinga. Ukinyamaza mwendo wote ule, hasira ya kwanza inashuka, unabaki na lile hasa unalotaka kusema.

Siku moja tulitazama filamu ya mama mkwe anayemfukuza mkamwana wake. Tulipovuka daraja baba yako akasema, "Lakini yule binti naye alikuwa na mdomo." Nikajua hapo Wahindi wameshaondoka. Nikamjibu kwamba mdomo ule ulitokana na kuamshwa saa kumi usiku awashe moto wa mtu mwingine. Tukaenda hivyo, yeye akimtetea mama wa filamu, mimi nikimtetea binti, hakuna aliyemtaja bibi yenu hata mara moja. Kufika nyumbani tulikuwa tumekubaliana bibi awe na jiko lake mwenyewe, na mkaa wake. Neno hilo nilikuwa nimelibeba miaka miwili nikashindwa kulitoa chumbani, tukiwa tumelala na mapacha katikati.

Nani aliwashika nyinyi? Unamkumbuka mama wa mlango wa pili, mke wa mvuvi. Tulipeana zamu. Jumamosi yangu analala na watoto wanane, wangu na wake. Jumamosi yake nalala nao mimi, wao wanakwenda dansini. Hela haikupita kati yetu, ila mapanki ya kutoka kiwandani, yale mabaki ya sangara yakishachunwa minofu, alipata fungu kila mwezi. Hilo la zamu nakuomba ulizingatie kuliko yote, maana naona unawaza tu tiketi ni bei gani. Tiketi haijawahi kumzuia mtu kama mtoto aliyekosa wa kumshika.

Sasa nikuambie na lile ambalo hulijui, kwa sababu linakuhusu. Mwaka wa kwanza wa uhai wako tulitoka usiku ukiwa na homa ndogo. Nilikupa dawa, nikasema ni meno. Tuliporudi tulimkuta mama wa mlango wa pili barazani amekukumbatia, degedege imekushika, bibi yenu analia. Tulikupandisha hospitali ya Bugando usiku uleule, baba yako amekubeba, mimi nyuma na kanga moja. Ulipona kama unavyojiona. Lakini bibi yenu alisema neno moja tu, "Mama gani huyu," nami nikalikubali. Nikavunja kibubu, nikanunua chandarua, nikaacha kutoka.

Nilikaa mwaka mzima. Baba yako aliuliza mara mbili, nikasema sitaki, akaacha kuuliza. Aliona kimya changu akadhani nimeridhika. Ukweli ni kwamba tulikuwa tunaishi kama wenye duka moja: sukari imekwisha, ada ya shule, fundi wa paa kaja. Usiku kila mtu na ukuta wake.

Kisha siku moja nafua shati lake, nikakuta mfukoni kishina cha tiketi. Alikuwa amekwenda sinema peke yake. Mwanangu, afadhali ningekuta picha ya mwanamke. Nilimngoja mlangoni nacho mkononi, bado kimelowa. Nilitegemea atabisha. Akaketi kwenye kigoda, akasema, "Nilikwenda. Nikatazama mpaka mwisho. Sikuelewa kitu, na hapakuwa na wa kumpiga kiwiko."

Sikumsamehe siku hiyo, usije ukadhani ni kama kwenye filamu. Nilimnunia wiki nzima. Lakini Jumamosi iliyofuata mshahara, ndimu zilikuwa uani. Bibi yenu aliguna. Baba yako akamwambia, kwa adabu zote, kwamba mtoto yu mzima, jirani yupo, na mkewe anatoka naye. Yeye ndiye aliyesema, si mimi. Nakuomba uliweke hilo akilini utakapokuja kunisikia mimi mwenyewe naguna.

Miaka ile vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam navyo vilikuwa vinazunguka mikoani, Muungano na TOT ya Kapteni Komba. Hapo ndipo fedha yako ilikuwa inatendewa haki! Kiingilio kimoja unapata ngoma, sarakasi, igizo, vichekesho, na mwisho taarabu yenye mipasho. Baba yako alipenda vichekesho. Mimi nilisubiri taarabu, nikainuka na noti yangu moja kwenda kutuza, nikitembea polepole ili idumu.

Baadaye mambo yakabadilika yenyewe. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na ilipotufikia huku watu wakaona ya nini kulipa. Kumbi za sinema zikafa moja moja. Tukahamia mabanda ya video, mabenchi ya mbao na joto la kukamua, lakini huko kulikuwa na kanda za Lufufu anayetafsiri kwa sauti yake. Baba yako alimpenda. Mimi nilimwonea wivu, alininyang'anya kazi.

Mei 1996 meli ya MV Bukoba ikazama ziwani. Hilo unalikumbuka, ulikuwa na miaka mitano, uliniuliza kwa nini watu wote wa mtaani wanalia. Makaburi yao ya Igoma unayajua. Hatukutoka muda mrefu, hapakuwa na mtu Mwanza aliyetaka kuchekeshwa.

Halafu 1999 Ulaya wakafunga mlango kwa samaki wa ziwa letu, kwa sababu kulikuwa na wavuvi wanaovua kwa sumu. Kiwandani kwa baba yako wakaambiwa wakae nyumbani. Ukitaka kumjua mwanamume, mwone miezi anayokaa nyumbani bila mshahara huku mkewe anauza dagaa. Alikuwa mkali, alikuwa anahesabu vijiti vya kiberiti. Jumamosi ikifika nilikuwa nambeba hivyohivyo na ukali wake tunakwenda kukaa karibu na kivuko cha Kamanga, jiwe la Bismarck lile pale mbele limesimama majini, senti hatuna. Kivuko kikitia nanga abiria wanashuka, mimi naanza kutafsiri: yule mwenye begi jekundu amegombana na dada yake Sengerema, anaapa harudi. Baba yako anasema hapana, yule anakwenda kuposa, tazama viatu. Tuliweza kukaa hapo mpaka giza linaingia. Sinema ya bure, kama wanavyosema, na sijui kama tumewahi kucheka vile ukumbini.

Na Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Mlikuwa mnakuja nasi mkiwa wadogo, kwa hiyo sitaeleza sana, ila nataka ujue kwa nini mimi na baba yako tulikuwa tunaachana mara tu tukifika Bujora. Kwetu tulikuwa chama cha ngoma cha Wagika, kwa kina baba yako walikuwa Wagalu. Kule uwanjani pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wauhame upande wa pili. Ndiyo maana wanaleta chatu shingoni, wanarusha majembe hewani kwenye ngoma ya bugobogobo na kuyadaka yakizunguka, na wazee wanakunong'oneza kwamba kuna dawa ya kuvuta watu imefukiwa chini. Ilikuwa fedheha kwangu kuonekana kwa Wagalu. Mwaka mmoja Wagalu walileta kitu, sikukiona, nilisikia tu kelele, watu wetu wote wakakimbilia huko, vumbi likafunika. Nikabaki na wazee na watoto. Vumbi lilipotulia nikamwona mtu mmoja anakuja kinyume na umati, kutoka kwa Wagalu kuja kwetu, kofia mkononi. Baba yako. Akasimama kando yangu, akatazama Wagika wanaocheza bila watazamaji mpaka wakamaliza. Ndugu zake walimsema mwezi mzima.

Sasa turudi kwako. Umeandika mwenzako "analalamika". Mimi ule mwaka wangu sikulalamika hata siku moja, na ndio mwaka nyumba hii ilikaribia kubomoka. Mshukuru Mungu anasema. Na usimwambie "tutaangalia", neno hilo nalijua, mjomba wako amelitumia kwa mkewe miaka ishirini.

Huhitaji ukumbi wala kiyoyozi. Huhitaji hata filamu nzuri. Zile mbovu ndizo zilizotupa maneno mengi baada ya daraja. Ila chagueni kwa zamu, yeye safari hii, wewe ijayo, na ambaye hakuchagua asinune kabla filamu haijaisha. Simu ziache kwangu, kwenye ungo juu ya kabati, pale kilipokuwa kibubu.

Maana nimeshaamua. Zamani ungenipa sababu ya foleni ya kivuko pale Busisi, nami ningekuelewa, tumekaa sana kwenye foleni ile. Tangu Juni 2025 daraja lipo, kilomita tatu za lami juu ya maji, mnatoka Geita asubuhi mnakula hapa mchana. Baba yako alinipeleka kulitazama wiki ya kwanza, tukashuka tukatembea kipande, akaanza kuniuliza yule dereva wa lori anasemaje kwenye simu.

Jumamosi hii mje. Mtoto mleteni na uji wake na ile kanga aliyoizoea, mimi na baba yako tutampokea zamu. Mkamwana wangu mwambie avae anachopenda, asivae cha kunyonyeshea. Ndimu nimenunua, maana grisi nayo najua inavyokaa chini ya kucha. Akisema bado, rudi kwenye ndoo. Na msirudi kabla ya saa nne usiku. Nimekubaliana na baba yako, geti litakuwa na kufuli na hatutafungua.

Mama yako,
Kirumba