Deraya ya karne ya 19 si ya kutupa

Ndugu uliyeuliza kama ile deraya nzima (vazi la chuma la kivita) inayonadiwa kuwa "ya mwaka 1500" ni ya kweli: kwa bei ya chini hivyo, karibu hakika siyo. Deraya kamili za wakati ule ni adimu, na nyingi ziko kwenye makumbusho kama Wallace Collection ya London. Lakini usiikimbie bado. Karne ya 19, hasa baada ya mashindano ya Eglinton, maigizo ya mapambano ya wapiganaji wa kale waliovaa deraya, kule Scotland mwaka 1839, matajiri walitaka deraya za kupamba kumbi zao. Karakana ya Ernst Schmidt mjini Munich ilitengeneza nakala safi sana, na leo zina wanunuzi wake.

Nje itakudanganya, tazama ndani. Fundi wa zamani alifua chuma kwa nyundo, kwa hiyo unene hubadilika: dirii (bamba la kifua) huwa nene katikati ya kifua na nyembamba pembeni. Bamba la kiwandani lina unene uleule kila mahali. Kunja kiwiko na goti. Mabamba yakigoma, basi huenda ilitengenezwa kusimama ukutani tu. Ukiona mshono wa kuchomelea kwa gesi au umeme, sehemu hiyo karibu hakika ni ya karne ya 20 au baadaye, au ilikarabatiwa wakati huo. Kutu nayo si ushahidi, watu walizeesha deraya mpya kwa asidi.

Omba picha za ndani ya kofia. Muuzaji akizungukazunguka, punguza dau au achana naye. Na ukiinunua, msasa usiuguse kabisa!