Durham na watoto kwa siku moja: nendeni, ila anzieni mlangoni

Mkuu umeuliza kama Durham, ule mji wa kaskazini mwa Uingereza, inafaa kwenda na familia Jumamosi moja mkitokea Newcastle, na hofu yako ni kwamba watoto wataboeka ndani ya kanisa kuu. Nenda mkuu, tena bila wasiwasi. Sisi tunakaa huku kaskazini na kila mgeni akija kutoka nyumbani tunampeleka huko, na wanangu ndo wanaomtembeza.

Treni ni kama robo saa tu. Ukishuka stesheni unaliona kanisa lile pale juu ya kilima, limezungukwa na mto Wear karibu pande zote. Barabara ya kupanda ni mawe mawe na ina mwinuko wa kweli, kigari cha mtoto kitawatesa, mama achukue mbeleko yake ampige mtoto mgongoni mambo yaishe.

Sasa usianze kuwasomea watoto historia eti limeanza kujengwa 1093, hawana habari na hilo. Waanzie mlangoni. Kuna sura ya mnyama ya shaba, macho matupu, imeng'ata pete. Waambie zamani mtu aliyeua akikimbizwa, akifika akagonga ile pete hawamgusi tena, anapewa siku 37 za kupatana na wanaomtafuta au ajiandae kuihama nchi. Hapo maswali hayaishi, alikuwa analala wapi, anakula nini, akitoka nje je. Iliyopo mlangoni ni nakala, ile yenyewe imehifadhiwa kwenye makumbusho ya humo humo.

Halafu wapeleke mpaka mwisho kabisa upande wa mashariki, kuna nguzo nyembamba nyeusi za jiwe la Frosterley. Wainame wasogeze macho karibu, wataona viduara na vipembe vyeupe vimejaa mle. Ni matumbawe! Miaka zaidi ya milioni 300 iliyopita huku kulikuwa bahari ya joto. Mtoto aliyewahi kuona kuta za nyumba za zamani Zanzibar anaelewa palepale, na mimi hapo ndo napapenda kuliko kote, maana unakuta watoto wanavutana mashati kila mmoja anataka kuonyesha alilopata yeye.

Kaburi la Bede, yule mtawa mwanahistoria aliyefariki 735, na la Mtakatifu Cuthbert, askofu wa zamani wa huku kaskazini, yako humo humo, kwa watu wazima ni lazima mpite. Kuingia kanisani ni bure, wanaomba sadaka tu, toeni jamani, kulitunza jengo kama lile si mchezo. Mnara una ngazi 325 na unalipiwa, wadogo waacheni chini na mmoja wenu.

Chakula bebeni, mkalie nyasi za Palace Green hapo mbele, mkishiba mteremke mtoni, kukiwa na hali ya hewa nzuri kuna boti za kupiga makasia karibu na daraja la Elvet.

Kabla ya kukata tiketi angalia kalenda ya kanisa, siku za mahafali ya chuo kikuu wageni hawaingii kiholela. Na Jumamosi ya pili ya Julai ni sikukuu ya wachimba makaa ya mawe, mji unafurika bendi na mabango makubwa, raha tupu, ila kama mna kachanga chagueni wiki nyingine.