Kabla ya kuiga mahakama ya runinga, panga karatasi zako

Mashauri yanayoonyeshwa kwenye vipindi vya Marekani kama The People's Court, kilichoanza 1981, na Judge Judy, kilichorushwa kuanzia 1996 hadi 2021, ni ya kweli, ila pale si mahakamani. Ni usuluhishi. Waandaaji huwatafuta watu waliokwisha kufungua shauri la madai madogo. Pande zote mbili hutia saini kulifuta na kukubali kwamba uamuzi wa jaji wa kipindi ndio wa mwisho. Pesa za hukumu hulipwa na kipindi chenyewe. Kwa Judge Judy kikomo kilikuwa dola 5,000. Ndiyo maana mdaiwa aliyeshindwa anatoka anacheka: mfukoni mwake haijatoka hata senti.

Kwenye mahakama halisi ya madai madogo, tuseme California, mtu binafsi anaweza kudai hadi dola 12,500, na ada ya kufungua kwa wengi ni dola 30 hadi 75. Wakili haruhusiwi kukusemea. Hati ya madai usiipeleke mwenyewe. Ipelekwe na mtu mzima asiyehusika na kesi, siku 15 au zaidi kabla ya kusikilizwa, au 20 kama mdaiwa anaishi kaunti nyingine. Ukikosea hapo, kesi inaahirishwa kabla hujafungua mdomo.

Madai yanayoanguka mara nyingi ni ya mkopo kati ya marafiki au wapenzi waliokosana. Mdaiwa atasema, "Alinipa zawadi." Kinachomfunga ni meseji moja tu ya "nitakulipa Ijumaa". Chapisha mazungumzo yote, tarehe na namba zionekane, nakala tatu: ya jaji, ya mwenzako, yako. Kumpa jaji simu apekue mwenyewe ni kujiharibia. Shahidi naye aje kwa miguu yake. Barua yake ni dhaifu, maana haiwezi kuulizwa swali.

Kwa gari lililoharibiwa, leta makadirio ya maandishi ya gereji mbili. Gharama ya matengenezo ikizidi thamani ya gari, utapata bei yake ya sokoni muda mfupi kabla ya ajali, si bei uliyonunulia. Sofa la miaka minane halilipwi kama jipya. Na kama unamlaumu fundi, usitengeneze kwanza: fundi wa pili akague na aandike alichokikuta, na vipuri vya zamani uvitunze.

Mpangaji wa California naye akumbuke kwamba mwenye nyumba ana siku 21 baada ya kuhama kwake kurudisha amana, au kutoa orodha ya makato pamoja na risiti yakizidi dola 125. Uchakavu wa kawaida haukatwi. Picha za siku ya kuingia ndizo zinazobeba kesi, na wengi hawana. Kuongezea dola elfu moja za "usumbufu" hakusaidii. Kunamfanya jaji atilie shaka hata risiti zilizo halali.

Kwenye runinga hundi inakuja. Mahakamani, kukusanya ni kazi yako. Mdaiwa aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufani. Zikipita bila rufani, chukua amri ya utekelezaji kwa karani, na ofisi ya sherifu inaweza kukamata pesa zake zilizoko benki. Lakini itakuuliza ni benki gani. Kwa hiyo hundi yoyote aliyowahi kukulipa, ipige picha kabla ya kuiweka.